Mashine haikubali bongo



Hapa tumezoea kuchambua riwaya, filme, mara moja moja hotuba ya mkubwa fulani. Leo nawaletea insha ya mtu wa elektroniki. Najua wenzangu wa sheria na wa historia washaanza kupitisha kidole ku simu: «hii si yetu». Ngojeni kidogo. Kuisoma hakuhitaji hesabu. Inaongea juu ya kufikiri na juu ya kujidanganya, na hayo mawili hayana fakilte.

Insha inaitwa The Importance of Fixing, ni kusema umuhimu wa kutengeneza kitu kilichoharibika. Mwandishi ni Jim Williams, Mmarekani, na imo ndani ya kitabu alichokihariri yeye mwenyewe mwaka 1995, The Art and Science of Analog Circuit Design. Williams alizaliwa 1948, akafa 2011. Chuo hakumaliza. Lakini kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 alikuwa MIT, akakaa pale karibu miaka kumi, kisha akaenda kampuni ya National Semiconductor, na tangu 1982 Linear Technology. Wahandisi wa dunia nzima wamejifunza kwa maandishi yake. Alipokufa, jumba la makumbusho ya kompyuta la California lilionyesha watu meza yake ya kazi vile ilivyokuwa, imejaa waya na vipande na vyombo vya zamani, hakuna nafasi ata ya kuweka kikombe.

Anachosema Williams, kwa maneno yangu, ni hiki. Chombo cha kupimia kilichobuniwa vizuri, siku kinakufa, kinageuka darasa. Umri wake si kitu: kiwe cha miezi mitatu ao cha miaka 30, fikra iliyokijenga haizeeki. Na ubaya wake njo faida yake. Ndani mule kuna sababu moja ya kweli inayokizuia kufanya kazi. Ukisema maneno mazuri, kinakuangalia tu. Ukirukia jibu juu unajiona mwerevu, kinabaki kimekufa. Hakuna juri ya kubembeleza.

Nilisoma hii nikiwa nimekaa mbele ya osiloskopu iliyokufa, na nilisikia haya. Nitaeleza juu ya nini.

Osiloskopu, kwa wale hawajawahi kuiona, ni chombo chenye kioo kidogo kinachochora umeme: vile volti inapanda na kushuka ndani ya sehemu ndogo sana za sekunde. Bila hicho mtu wa elektroniki anafanya kazi sawa daktari asiye na sikio. Ile ya kwetu ni Tektronix 465, aina iliyotoka mwanzo wa miaka ya 1970: mistari miwili, megahezi 100, kilo kama kumi, mpini wa kubebea. Ilifika ku labo ya chuo fulani (sitakitaja) ndani ya kasha la msaada kutoka Ulaya. Miaka yote nilipokuwa mwanafunzi pale ilikuwa chini ya kitambaa, na karatasi juu: USIGUSE. Tuliichora ku daftari kutoka kitabuni, na ya kweli iko metre mbili nyuma yetu.

Mimi nilitoka na diploma. Kazi yangu ya mwisho, ile TFE, ilikuwa alimentasio ya umeme yenye kujilinda: kurasa 60 na kitu, skema nzuri, mahesabu, shukrani kwa baba na mama. Juri ikanipa distinksio. Kitu chenyewe hakijawashwa ata siku moja. Hakikuwako. Kilikuwa karatasi. Na mimi sikuona shida, juu kila mtu alikuwa hivyo.

Mwaka uliofuata asistenti mmoja akanipa ruhusa ya kufungua ile Tektronix. Nilifanya nini? Yote yale Williams anayaonya. Niliona haina mstari ku kioo, nikasema «ni kioo». Halafu nikasema «ni transista». Nikabadilisha transista moja, ya pili, ya tano. Kila moja nilikuwa na maelezo yake, na maelezo yalikuwa mazuri, ningeyapeleka mbele ya juri yangangaa. Majuma matatu. Mashine kimya.

Basi nasema wazi: katika jambo hili kubwa Williams anasema kweli, na ni kweli ngumu kuliko anavyoiandika. Nilikuwa na karatasi ya kuthibitisha kwamba najua alimentasio, na alimentasio iliyokufa ilikuwa mbele yangu, sikuitambua. Maana njo ilikuwa hiyo. Osiloskopu ile ina volti zake za ndani, kati ya hizo kuna +15 na −8, na kitabu chake kinakuambia uzipime kwanza kabla ya kugusa kitu kingine. Mimi sikupima. Nilikuwa nimesoma sana kwa kupima.

Sasa ugomvi wangu na insha.

Wa kwanza: Williams anaandika sawa mtu na mashine wako peke yao ndani ya chumba. Akili yako upande huu, akili ya mbunifu upande ule, na kati yao uharibifu. Picha ni nzuri, lakini kuna mtu wa tatu amefichwa, naye ni yule aliyeandika kitabu cha matengenezo. Vitabu vya Tektronix vya miaka ile ni maandishi makubwa, nasema bila kucheka. Jina la mwandishi haliko. Anaanza kukueleza kila sehemu inafanya nini na kwa sababu gani, umeme unaingia hapa, unagawanyika hapa, transista hii inamlinda mwenzake. Kisha anakupa skema zinazokunjuka, na juu yake volti unayopaswa kukuta na michoro ya mawimbi unayopaswa kuona. Kisha orodha ya kila kipande, ata bulo. Mtu yule alikaa akamfikiria msomaji asiyemjua, mahali asipopajua, siku mashine itakuwa imekufa na kampuni iko mbali.

Ata ndani ya chuma kuna adabu ya namna hiyo. Zile osiloskopu za Tektronix za kabla, za taa za kioo, vipande vyake vililehemiwa ku vibao vya kauri vinavyotaka risasi yenye fedha kidogo ndani. Risasi ya kawaida inaviharibu polepole. Basi kiwanda kiliweka ndani ya mashine yenyewe kipande cha risasi ile, kimezungushwa ku kijiti, kinamngoja fundi. Mimi ile habari iliniuma zaidi kuliko insha yote. Simu niliyo nayo mkononi imefungwa kwa gundi.

Kitabu cha 465 nilikipata, skani, megabaiti nyingi, siku mbili za kununua forfe. Ni Kiingereza chote. Sisi wa Kifaransa tunajua tabu hiyo, siendi mbali. Ninachosema ni hiki: toa kitabu, na lile darasa la Williams linageuka chumba chenye giza. Yeye alikuwa na vitabu vimejaa ku kabati, ndiyo sababu havioni.

Ugomvi wa pili ni juu ya mtu.

Kuna fundi mmoja wa televizheni kule Katuba, mzee, tunamuita Papa tu. Diploma hana. Nilimpelekea habari zangu za transista tano, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: «Mwanangu, ile ya kumi na tano umepima iko ngapi?» Tukaenda naye ku labo, akapima. Haikufika ata volti mbili. Mashine imezimwa, akapima uzuiaji kati ya ule mstari na chasi: omu nne. Kuna kitu kimegusana kati ya mstari na chasi. Lakini ku mstari ule kuna vikondensateri vingi vya tantali, vimetawanyika ku kadi zote, na kimoja njo mwizi. Ukivitoa vyote kimoja kimoja, utaharibu kadi.

Papa akatoa ku mfuko batri ya pikipiki na ampuli ya volti 12, wati 5, ile ya nyuma ya gari. Akaviunga mfululizo: batri, ampuli, kisha ule mstari wa +15, mashine ikiwa imetolewa ku umeme. Ampuli ikawaka. Sasa umeme kidogo, chini ya nusu ampea, unakimbia kupitia mwizi, na hauwezi kuzidi juu ampuli inauzuia. Ukipima milivolti ukifuata mstari, zinapunguka kadiri unavyokaribia. Na mwizi mwenyewe anapata joto. Nilimpata kwa kidole, nikaungua kidogo. Tone dogo la rangi ya machungwa, kubwa sawa punje ya mahindi.

Tukaweka kingine cha volti 35 kilichotoka ku kadi ya televizheni. Siku ya kuwasha Papa aliniambia niweke mkono mmoja ku mfuko, juu nyuma ya kioo kuna volti zaidi ya 2,000, na zinabakia pale ata ukisha kuzima. Mstari wa kijani ukatokea.

Nirudi ku insha. Williams anasema tusome fikra ya mbunifu. Mfano mzuri wa fikra hiyo, ule unafundishwa mara nyingi, ni kizalishaji cha sauti ambacho Bill Hewlett alikieleza ku kazi yake ya chuo Stanford mwaka 1939, na ambacho kilikuwa kitu cha kwanza cha kampuni ya Hewlett-Packard. Shida ya vizalishaji vile ni kwamba nguvu ikizidi kidogo wimbi linaharibika, ikipunguka kidogo linakufa. Hewlett akaweka ndani yake ampuli ndogo. Wimbi likikua, waya wa ampuli unapata joto, uzuiaji wake unapanda, nguvu inarudishwa chini. Likipunguka, waya unapoa, nguvu inarudi. Ampuli haimulikii mtu, inalinda usawa. Walt Disney alinunua vizalishaji nane vya mfano uliofuata kwa sauti za filme Fantasia.

Sasa angalieni ampuli ya Papa. Ni kitu kilekile! Waya wa ampuli ukiwa baridi unapitisha, ukipata moto unazuia. Umeme ukitaka kukimbia, ampuli yenyewe inaushika. Papa hajasikia jina la Hewlett. Kule kwake Katuba kuna ampuli nyingine kubwa, ya wati 100, imefungwa ukutani, na kila televizheni anayoitengeneza inapitia kwanza pale kabla ya kuunganishwa moja kwa moja, ili kama kuna kosa ampuli iwake kwa nguvu na televizheni isiungue. Nilimuliza nani alimfundisha. Akasema: aliyenifundisha, na yeye alifundishwa.

Mtu huyu hayumo ndani ya insha. Cha ajabu, yumo ndani ya maisha ya Williams. Katika maandishi yake mengine, ku kitabu cha 1991, anasimulia vile alivyokuwa mtoto na jirani yake, daktari mmoja, alikuwa na karakana ya elektroniki nyumbani, na Tektronix ndani, akamfungulia mlango. Kumbe naye alikuwa na Papa wake! Lakini siku anaandika juu ya umuhimu wa kutengeneza, yule jirani amebaki nje, na sisi tunabakia na shujaa mmoja anayepigana na mashine usiku. Mimi naona huo ni udhaifu wa maandishi, si wa adabu tu. Msomaji anayeshindwa peke yake, sawa nilivyoshindwa, atafikiri ni akili yake ndogo.

Hapa niseme neno kwa wale wanaopenda kuandika ku kurasa zetu kwamba diploma ni karatasi ya bure, angalieni fulani hakusoma na alifika. Msimchukue Williams kama shahidi wenu. Hakuwa na diploma, kweli, lakini hakuwa na diploma ndani ya MIT, kati ya labo zenye vyombo ambavyo Papa hajaviona ata ku picha. Papa naye hana diploma, ana ampuli. Tofauti kati yao si bidii.

Ugomvi wa tatu njo unaonisumbua zaidi, na ni juu ya lile neno la insha linalopendwa kuliko yote: kwamba ukimaliza, kitu kinafanya kazi ao hakifanyi, hakuna katikati. Kwa redio nakubali. Kwa pasi nakubali. Kwa chombo cha kupimia, apana. Williams alikijua hicho kuliko mimi, maisha yake yote yalikuwa usahihi, lakini ku insha hii alikubali sentensi tamu impite. Mizani ya sokoni ikiharibika kabisa haiibii mtu, juu kila mama anaona imeharibika. Inayoiba ni ile inayocheza vizuri na kudanganya gramu mia. Osiloskopu iliyofufuka ni hivyo. Mstari wa kijani ulipotokea tulipiga makofi, asistenti alipiga picha, na bado hatukujua kama inasema kweli.

Kujua hilo unahitaji kitu kingine cha kuaminika zaidi, na Williams alikuwa nacho ku rafu ya jirani. Sisi tulikaa tukafikiri. Kwa volti tulikuwa na multimeta mpya moja, basi. Kwa muda, Papa alileta kadi ya televizheni ya rangi ya zamani. Ndani yake kuna kristali ya rangi ya mfumo wa PAL, na kristali hiyo inatetema mara 4,433,619 kwa sekunde moja, Katuba sawasawa na Ulaya. Ikikosea, inakosea kidogo sana kuliko tulivyohitaji. Nikajenga kizalishaji kidogo juu yake, transista moja na vipande vitano. Hiyo ilikuwa mashine yangu ya kwanza kutoka karatasi, na haikuwaka mara ya kwanza, wala ya pili.

Ku mikrosekunde 0.2 kwa kila mraba, miraba kumi ni mikrosekunde mbili, kwa hiyo mawimbi karibu 8.9 yanapaswa kuingia ku kioo. Nilihesabu 9.3. Nikahesabu tena. Asistenti akahesabu. Osiloskopu yetu ilikuwa inachelewa kama asilimia 5, na kitabu hakiruhusu zaidi ya asilimia chache tu. Ilikuwa inadanganya, na mstari mzuri sana.

Kurekebisha kulichukua siku mbili, kurasa za kitabu zimetandikwa chini, bisibisi ya plastiki, geuza kidogo, hesabu, geuza kidogo. Onyo moja hapa kwa watakaojaribu: msianze na hicho. Ukizungusha vile vikorokoro kabla ya kuhakikisha zile volti za ndani, unakunja chombo kizima kifuate kosa moja. Tulifika 8.9 ku eneo hilo, na maeneo mengi ya polepole yakakubali. Lakini juu ya megahezi 10 hatuna kitu cha kulinganisha. Kadi ya msaada inasema 100. Sisi hatujui.

Basi nikakata karatasi, nikaandika kwa bic na kubandika ubavuni mwa mashine: Muda: umelinganishwa na kristali ya televizheni. Volti: na multimeta moja. Juu ya megahezi 10: haijapimwa. Na tarehe.

Asistenti hakupenda. Ile USIGUSE ilikaa miaka bila kumsumbua, lakini hii anasema wageni wakija itaonekana vibaya, watu watasema chombo chetu ni cha mashaka. Amenisihi mara mbili niitoe, na kwa adabu, ni mtu mzuri. Nilimwambia atakapopata chombo cha kupima mpaka 100, nitaandika nyingine. Nilipita pale juma jana. Wanafunzi watatu walikuwa wameizunguka, mmoja anahesabu mawimbi kwa kidole ku kioo, na karatasi bado iko.